Nafasi Mbili za Dirishani

Jumanne moja, saa nne kasoro robo asubuhi, mzee mmoja aliyetaka kwenda kumtazama mwanawe katika mji mmoja wa Mediterania aliketi mbele ya dirisha namba mbili la ofisi ya tiketi, kofia mapajani, akauliza ni lini inafaa akate tiketi. Karani wa dirisha hilo alimjibu huku akigonga kompyuta. Julai na Agosti azisahau, dunia nzima huenda kule kuota jua na bei hupanda mpaka kichwa kinauma. Desemba kila mtu hukumbuka ana kwao. Februari kuna mvua, na baridi inayochagua magoti. Zilibaki Mei na Oktoba, na hizo nazo zina siku zake.

"Subiri, mzee wangu," alisema. "Wiki saba kabla ya safari, siku ya Jumanne, kabla ya saa sita. Hapo ndipo bei inapolala."

"Mwanangu ananingoja, mama. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Karani alicheka kicheko cha ofisini, akamwandikia tarehe kwenye kipande cha karatasi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaambia watu wasubiri, na hakuna aliyemsikiliza akajuta. Wateja walimbatiza Bi Subiri, na jina likamganda hadi meneja akaanza kuliandika kwenye barua za ofisi. Hakulikataa. Kuna watu wana majina mabaya zaidi.

Mzee alipotoka, Bi Subiri alifanya jambo alilolifanya kila Jumanne tangu mwaka uliopita. Alifungua safari ya mji uleule, akachagua viti viwili, 14A na 14B, akavishikilia. Kushikilia nafasi ni kazi ya kila siku kwa makarani wa tiketi: kiti kinaandikwa jina lako, namba inatoka, na una saa ishirini na nne za kulipa. Usipolipa, nafasi inaachia yenyewe. Kiti cha kwanza aliandika jina lake. Cha pili aliandika jina la Pipi, mtoto wa nyumbani kwake, na mbele yake akaweka alama ya mtoto, kwa sababu Pipi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Halafu namba ile akamtumia dada yake, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya mji huo.

"Safari hii kweli?" dada aliuliza kwa ujumbe.

"Kweli, dada."

Jumatano saa nne nafasi ziliachia. Bi Subiri alikaa mikono mapajani akiiangalia saa ikifika. Nauli ilikuwepo benki, dada mwenyewe aliituma, haijaguswa hata senti. Alimwandikia kwamba mtandao umesumbua. Akaongeza maneno aliyoyazoea: nikipata nafasi, tunakuja.

Ilikuwa mara ya arobaini. Bi Subiri alijua vizuri siku za mwizi ni ngapi, kwa hiyo alijitahidi kutohesabu.

Jioni alipofika nyumbani alikuta viti viwili vya ndege sebuleni, kati ya kabati la vyombo na friji. Vilikuwa vya bluu, vimeungana, vina mikanda na meza za kukunja, na juu yake kulikuwa na namba: 14A, 14B. Ukutani, kando ya 14A, palikuwa na kidirisha cha ndege chenye pazia lake la plastiki. Bi Subiri aliweka mkoba chini, akasoma namba, akaelewa. Nafasi ikiachiwa haifi, lazima iende mahali, na hizi zilikuwa na jina lake. Kilichomkera ni kwamba mlango wa friji sasa ulikuwa unafunguka nusu tu.

Alhamisi alimwita fundi friji aje augeuze mlango. Fundi alivitazama viti, akavigonga kwa bisibisi.

"Hivi vya daraja la kawaida," alisema. "Ungepata vile vya mbele ungelala kabisa."

Alipomaliza kazi aliketi 14A kunywa chai, akavuta pazia la kidirisha. Nje palionekana mji ule kutoka juu, kama uonekanavyo kwenye ndege iliyobakiza dakika moja kutua: nyumba nyeupe, bahari imejikunja kando yake, na kibaraza kimoja ambako mwanamke alikuwa akianika nguo.

"Yule mama anaanika kama ana ugomvi na shuka. Nani yule?"

"Dada yangu."

"Mnafanana mabega," fundi alisema, akaomba sukari.

Pipi alivipenda viti. Alifanyia hesabu za shule kwenye meza ya 14B, akajifunga mkanda kila mara ili hesabu zisimwangushe. Alikuwa mtoto wa maswali mengi na mwanya mmoja mkubwa kati ya meno ya mbele. Bi Subiri hakuwa na mwanya. Meno yake yalikuwa yamebanana kama watu kwenye foleni.

Pipi alikuwa wa dada. Watu wachache walijua, na waliojua walikuwa wamehama au wamezoea. Dada alipopata kazi ya ng'ambo, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, umri ambao kwenye tiketi haupewi kiti, unaandikiwa "anapakatwa". Pale kwenye mlango wa abiria dada alimkabidhi mdogo wake mtoto na chupa ya maziwa, akasema, "Nipakatie huyu, narudi sasa hivi." Hakurudi. Karatasi zake zilikuwa za aina ya kutoka bila kurudi; akikanyaga nje ya nchi ile, mlango unafungwa nyuma yake. Alituma picha yake kubwa ili mtoto aizoee. Bi Subiri aliitundika, na kila jioni alimnyanyua Pipi mbele ya picha, akamwambia, "Huyu mama. Mimi mama mdogo."

Mtoto alijitahidi. Siku moja Bi Subiri akiwa anakamua nguo bafuni, Pipi alimfuata anatambaa nusu na kutembea nusu, akaita, "Mama!" Hilo neno la pili, mdogo, lilikuwa gumu mdomoni mwake. Bi Subiri alipaswa kulisubiri, kwani kusubiri ndiyo kazi yake. Lakini aliitika. Alisema, "Naam, mwanangu," na maji ya nguo yakamchuruzika hadi kwenye viwiko.

Basi, ukoo mzima ukahama kwa neno moja lililodondoka. Mama mdogo akawa mama. Picha iliposhuka ukutani ili ukuta upakwe rangi, haikurudi, na yule wa kwenye simu ya Jumapili ikabidi aitwe kitu. Akaitwa mama mkubwa. Dada alipolisikia mara ya kwanza alisema mtoto anachanganya, atakuja kuelewa akikua. Bi Subiri alisema ndiyo, atakuja kuelewa. Aliona aibu siku hiyo, na aibu ile haikumtoka tena. Aliamka nayo, akaenda nayo kazini, akarudi nayo kupika.

Pipi alipotimiza miaka kumi na mmoja, dada aliomba jambo moja. "Mlete kabla hajafika kumi na mbili. Nimwone akiwa bado mtoto, hata kama ni kwa wiki moja tu." Watu wote wa tiketi wanajua maana yake. Ukifika kumi na mbili, mashine inakuandika mtu mzima, na hakuna karani anayeweza kuibembeleza.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu viti vilipokuja, na sasa Bi Subiri hakuwa na pa kujificha, kwani kidirisha kilikuwa kinaonyesha kila kitu. Kila Jumanne alipotuma namba, jioni yake alimwona dada akitoa godoro dogo kibarazani kulianika juani, akafagia, akaenda kusuka nywele. Kila Jumatano alimwona akisoma ujumbe kwenye simu, kisha akiliingiza godoro ndani. Halafu, ndege yoyote ikipita, dada aliinua kichwa na kuifuata kwa macho mpaka iishe. Bi Subiri aliyaona hayo na akala chakula chake. Alijichukia, na akala.

"Mama," Pipi aliuliza siku moja, paji la uso limegusa kioo, "mama mkubwa ana mwanya?"

"Sijui. Kutoka hapa si rahisi kuona."

"Anao. Amepiga miayo nikauona. Mimi wangu nimeutoa wapi?"

"Kwa bibi yako."

"Bibi si alikuwa na meno kama yako?"

"Kula ugali wako, Pipi."

Jumanne ya mwisho kabla ya siku ya kuzaliwa, bei ililala chali, hata bila zile wiki saba. Hata meneja alitoka chumbani kwake kuja kuitazama kwenye kompyuta. Ndege ilikuwa na nafasi, hali ya hewa ya kule ilikuwa nzuri, shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Kila alichowahi kumwambia mteja asubiri kilikuwa kimefika kwa siku moja.

"Bi Subiri, leo si uende mwenyewe?" meneja alisema. "Likizo nakupa. Umewapeleka watu wote wa mji huu, wewe hata bahari ya huko hujaionja."

Alivishikilia viti. Akatuma namba.

Jumatano saa nne kasoro dakika tano alikuwa bado na kidole juu ya kitufe cha kulipa. Nauli ilikuwa tayari, pasi za kusafiria zilikuwa kwenye droo. Aliona watakavyofika: milango ya kioo inafunguka, dada amesimama na nywele zake mpya, anacheka, na mwanya wake uko wazi kwa kila mwenye macho. Pipi hakuwa mjinga. Angetazama mdomo ule, kisha angejipapasa meno yake kwa ulimi, kisha angegeuka kumwangalia yeye. Kabla mizigo haijatoka, Bi Subiri angekuwa mama mdogo. Alijua ndiyo haki. Alijua kwa yakini, kama anavyojua misimu ya bei, na machozi yalimlengalenga mbele ya mteja aliyekuwa anangoja risiti. Saa nne ikafika. Kidole kilikuwa palepale.

"Vipi, umekata?" meneja aliuliza.

"Nimeona Oktoba itakuwa nzuri zaidi."

Safari hii hakutaja mtandao. Aliandika tu: nikipata nafasi.

Pipi alitimiza miaka kumi na miwili siku ya Jumapili. Fundi friji alikuja na keki ndogo, akaipitisha kwenye viti kama mhudumu wa ndege, akiuliza kila mtu kama angependa kuku au samaki. Walicheka. Alipoondoka, Pipi alisimama katikati ya sebule, akampigia simu mama mkubwa, sauti ikiwa wazi. Bi Subiri alikaa 14A, mahali alipozoea kukaa siku hizo, akafunga mkanda, akatazama nje. Dada alikuwa ameketi kibarazani, simu sikioni. Godoro dogo lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, limeegemezwa kwenye ngazi pamoja na vitu vya kutupa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Pipi wangu. Leo umekuwa mtu mzima."

"Mashine ndiyo inasema. Mimi bado nalala na taa. Tutakuja, lakini. Mama akipata nafasi."

Kule chini dada aliinua kichwa, ingawa hapakuwa na ndege iliyopita, akakitazama kidirisha moja kwa moja.

"Nafasi anayo," alisema taratibu. "Ameikalia."

Pipi alitazama viti. Hakuona kosa lolote katika maneno hayo. Mama alikuwa kweli amekaa, na mkanda umefungwa. Lakini sauti ya simu ilikuwa imebadilika, mtu alikuwa analia ndani yake, na Pipi hakujua la kufanya na mtu mzima anayelia kwa mbali. Alifanya alichokifanya maisha yake yote akishindwa na jambo.

"Mama!" aliita.

Kibarazani, dada aliruka kutoka kwenye kiti, akafungua mdomo.

Bi Subiri alimwahi, akaitika.