Mutanu Nje ya Chumba cha Eksirei

Siku ya kutolewa mrija wa Nzioka, mkewe Mutanu aliamka na nia moja tu: Kanini hatabaki na mume wake peke yake.

Mrija wenyewe ulikuwa mwembamba kama waya wa redio. Daktari aliuweka baada ya kumtoa Nzioka jiwe, upitishe mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Sasa ulikuwa umemaliza kazi. Hakuna kisu: daktari angeingiza waya wenye kitanzi kupitia njia ya mkojo, aunase na kuuvuta huku akiutazama kwenye kioo cha mashine ya eksirei. Na mwendeshaji wa mashine hiyo alikuwa Kanini, msichana ambaye mbuzi wa posa wa akina Nzioka walifika kwao Kola mwaka 1997, kisha wakarudishwa kwa kuwa alitaka kwenda chuo.

"Wi museo, Nzioka?" Kanini akasalimu kwa Kikamba, Nzioka alipolazwa chini ya mashine.

"Ni museo!" Nzioka akacheka kicheko ambacho Mutanu hakuwa amekisikia nyumbani tangu mvua za mwaka jana.

Mutanu akamvutia shuka hadi kidevuni.

"Mama, hiyo itatolewa tu," Kanini akasema. "Daktari hafanyi kazi juu ya shuka."

"Basi nitasimama hapa hapa."

Daktari akakubali, maana mgonjwa alikuwa akitetemeka. Kanini akachukua aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia miale, lakini hakumpa.

"Uko na mimba?"

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Mutanu, zote baada ya mama mkwe kuwaambia akina mama wa kanisa. Safari hii aliapa kutomwambia mtu, hata Nzioka, hadi tumbo liseme lenyewe. "Hapana" ilikuwa imefika kwenye meno. Angeitamka, angebaki ndani akiwachunga Nzioka na Kanini hadi mwisho.

"Aproni haitoshi?" akauliza polepole.

"Kama iko, siwezi kukuingiza. Hata ungekuwa dada yangu."

"Iko. Miezi miwili."

Nzioka akainua kichwa. Kanini akamshika Mutanu bega, akamtoa nje. Mlango ukafungwa, taa nyekundu ikawaka.

Kwenye benchi Mutanu alisikia mashine ikiguna na Nzioka akilalamika. Kisha Kanini akasema jambo, wote wakacheka. Mutanu akaruka, akashika kitasa. Akakiachia. Akakaa tena, mikono tumboni, akilia kwa hasira.

Nusu saa baadaye Nzioka akatoka akichechemea.

"Kanini amekuambia nini?" Mutanu akauliza, kabla hata ya kumpa pole.

"Ninywe maji mengi. Na nikutunze." Akakaa mbali naye. "Mutanu, habari ya mtoto wangu nimeisikia pamoja na Kanini?"

"Na ulikuwa umelala hapo ukimchekea!"

Nzioka akautazama ule mlango kwa jicho baya, kana kwamba Kanini ndiye aliyemwibia habari hiyo, akamsogelea mkewe. Kanini alipotoka kuwaaga, wote wawili walimjibu kwa mkato, wakaenda zao wameshikana mikono.