Kahawa ya Kwenye Friji

Mume wangu ni mwonjaji wa kahawa kiwandani. Miaka ishirini na miwili ulimi wake umetulisha: anafyonza kijiko kwa kelele, anatema, anasema mzigo huu uuzwe, huu umeharibika. Hata supu yangu huifyonza hivyo hivyo, na nimemwambia mara mia kwamba nyumbani si kiwandani.

Kisha homa ikamlaza hospitali wiki tatu. Alirudi mzima, ila pua haisikii harufu na mdomo hauna ladha. Daktari alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Meneja hakuwa na huenda: Jumatatu atapangiwa vikombe vitano, kimoja kibovu. Akikitambua, kazi yake ipo. Asipokitambua, ndiyo basi tena.

Jumapili asubuhi akaniambia, "Mama watoto, nipikie ile kahawa yangu nzuri. Leo naona ulimi umeamka."

Nilifurahi, nisifiche. Lakini nilipokwenda kuichukua nikakumbuka ujinga wangu. Kwa bwana huyu kahawa ina sheria kuliko mahakama: kopo lenye mfuniko wa kubana, kabati lenye giza, mbali na jiko, na friji ni marufuku, maana kahawa hunyonya kila harufu ya jirani. Mimi, alipolazwa, nilichukua kopo lake nikatia sukari, na kahawa nikaiweka kwenye bakuli wazi ndani ya friji, ubavuni mwa samaki. Eti isiharibike!

Nikaisaga. Nikachemsha maji, nikayaacha yatulie, nikayamimina kidogo kidogo juu ya chujio kama alivyonifundisha. Mvuke ulinuka shombo. Nilitaka kuimwaga, lakini alikuwa ameshakaa mezani, kijiko mkononi. Nikasema moyoni, acha anigombeze. Sijawahi kutamani kugombezwa namna ile.

Akafyonza, macho ameyafumba, akatema.

"Enhe?" nikauliza.

"Safi kabisa! Umeitunza vizuri, mke wangu. Si nilikwambia ulimi umerudi?"

Akaenda chumbani kutafuta shati la kazi nimpigie pasi. Alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Nikaonja kikombe changu, nikatema kwenye sinki. Nililia pale pale, bomba nimelifungua asinisikie. Ningeweza kunyamaza, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikutaka aumbuke mbele ya wenzake.

Aliporudi na shati nikamwambia, "Baba watoto, hiyo kahawa imekaa na samaki wiki tatu. Inanuka mpaka sebuleni."

Alidhani namtania, akacheka. Aliponitazama usoni kicheko kikamkatika. Akaketi, akavuta kikombe changu, akafyonza tena na kuizungusha mdomoni muda mrefu. Safari hii hakutema, aliimeza.

"Samaki gani?" akaniuliza.