Geuza Kibao Kwanza

Mwaka wa themanini na nane, Benta alichukuliwa kwa majaribio katika kliniki moja ya macho mjini Kisumu, kazi yake kuandika yale anayoyasema daktari. Ukiambiwa hivyo utadhani ni kazi ya kukaa kitako na kalamu. Thubutu! Bwana Wakhisi, afisa wa kliniki ambaye kila mtu alimwita daktari, alikuwa akiongea kwa herufi tupu, na kwa kasi, huku tochi ikiwa mkononi na mgonjwa amekodoa macho. RE ni jicho la kulia, LE la kushoto. CF, mgonjwa anahesabu vidole tu. HM, anaona mkono ukipungwa. PL, anajua mwanga umewaka, basi. Na NPL ni giza.

Wiki ya kwanza Benta alirudi nyumbani, mtaa wa Manyatta, kichwa kinamuuma. Wiki ya pili akapata njia yake. Baba yake, Mzee Obiero, alikuwa fundi wa karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi wa omena huenda nazo ziwani, na tangu utotoni alikuwa amemkaririsha Benta kila kipande chake. Sasa Benta akawa anaipanga taa jichoni: ngozi ang'avu ya mbele ni kioo cha taa, presha ya jicho ni ile pampu, ikizidi inaharibu. Na mtoto wa jicho? Huo ni ukungu, kioo kimeshika masizi huku taa inawaka ndani. Hilo alilielewa upesi kuliko yote, na likamkosesha raha, kwa sababu aliliona kila jioni mezani kwao.

Mzee Obiero alikuwa haoni. Hakuna aliyethubutu kulisema. Karabai alizitengeneza kwa kupapasa, na wateja wakasifu vidole vyake. Chai akimiminiwa, alisubiri asikie kikombe kikiwekwa ndipo anyooshe mkono. Mzee wa watu alikuwa na kiburi cha fundi, na chini ya kiburi hicho kulikuwa na woga: kaka yake, kule Sondu, aliwahi kuchokorwa jicho na mganga wa sindano, akafa akiongozwa kwa fimbo.

"Daktari wa kupasua anakuja kutoka Nairobi," Benta alimwambia. "Wiki moja tu, Baba. Akienda, hatujui atarudi lini."

"Mimi sina ugonjwa."

"Basi kuja tu upimwe."

"Nitakuja. Nikisoma hiyo kibao yenu ya herufi, mnaniacha na macho yangu. Nikishindwa, nitalala hapo kitandani wanikate. Neno langu hilo."

Benta alifurahi mno. Alijua baba yake hajawahi kuvunja neno, na alijua kwa macho yale hawezi kukisoma kibao.

Siku ya kupimwa watu walijaa hadi barazani. Ilibidi kazi iende haraka: mgonjwa anasimama kwenye alama sakafuni, Benta anaelekeza kijiti kwenye kibao cha herufi E zilizotazama huku na huku, mgonjwa anataja miguu ya E imeelekea wapi. Anayefika mstari wa chini anatoka kwa mlango wa pili bila hata kumulikwa. Wanaobaki wanapelekwa pembeni kwa Wakhisi na tochi yake. Na kwa vile wanaongoja hukaa benchi mle mle ndani wakisikia kila jibu, kibao kilikuwa na tundu la msumari juu na chini, ili mwandishi akigeuze juu chini kila baada ya watu wachache, E zibadilike upande. Wakhisi alikuwa amemkanya Benta mara nyingi juu ya hilo.

Zamu ya Mzee Obiero ilifika karibu saa sita. Alikuwa ameketi benchi tangu asubuhi, ametulia tuli, mikono juu ya magoti.

"Hii, Mzee?"

"Malo," akasema. Juu.

"Hii?"

"Piny." Chini. Kulia. Kushoto. Chini tena. Akashuka mstari baada ya mstari bila kusita, sauti imejaa, mpaka ule wa mwisho. Benchi likampigia makofi. Enos, jirani yao wa Manyatta aliyekwisha kupimwa na kubaki akimngoja, akasema, "Huyu Mzee anatushinda sisi vijana!"

"Sita kwa tisa, macho mazima, andika atoke," Wakhisi akaita kutoka pembeni, bila kuinua kichwa.

Kalamu ya Benta ilisimama juu ya kadi. Asubuhi ile alikuwa amemfungua baba yake vifungo vya shati alivyovikosea na kuvifunga upya. Ndipo alipokumbuka: alivyokuwa akinong'ona RE na CF zake asizisahau, hakuwa amekigeuza kibao tangu kazi ilipoanza. Baba yake alikuwa amekisikiliza chote na kukihifadhi, vile alivyohifadhi vipande vya karabai.

Angeandika, mzee angetoka kwa makofi na kurudi nyumbani kupofuka kwa heshima zake. Asingeandika, angevuliwa nguo mbele ya watu wa mtaa wake, na binti yake mwenyewe. Benta alimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Alimwendea Wakhisi, akamnong'oneza. Wakhisi alikunja uso.

"Tangu asubuhi? Wote waliopita watarudi, na utawaita wewe mwenyewe," akasema. "Haya, geuza."

Benta akakigeuza polepole. Benchi zima likaona. Mzee peke yake hakuona.

"Baba, tusome tena kidogo."

"Malo," akasema Mzee Obiero kwa sauti ile ile ya ushindi. "Piny. Kulia." Kijiti kilipita herufi zile zile kwa mpangilio ule ule, na kila jibu likawa kinyume. Hakuna aliyepiga makofi. Ukimya ndio uliomwambia.

"Umegeuza," akasema taratibu.

"Nimegeuza, Baba."

"Na hukuniambia. Mbele ya watu, nyara."

Nyara, binti yangu: alimwita hivyo hata katika hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Benta zaidi. Wakhisi alimsogelea mzee na kumwinulia vidole karibu na uso, kisha akamulika tochi kila upande. "CF, yote mawili. Mwanga anaupata vizuri. Mtoto wa jicho." Benta aliandika.

"Taa haijazimika, Baba," akamwambia akimshika mkono. "Ni masizi tu kwenye kioo."

Mzee aliuondoa mkono wake. "Nilisema nikishindwa nitalala. Kitanda kiko wapi?"

Alipasuliwa jicho la kulia kesho yake, na hakumsemesha binti yake neno. Uji Benta aliomletea aliunywa, akamshukuru nesi.

Bandeji ilipofunguliwa alirudishwa kwenye ile alama sakafuni. Benchi lilikuwa limejaa, Enos naye akiwemo, amerudishwa kupimwa upya. Wakhisi alimshikia mzee lenzi nene mbele ya jicho. Benta akainua kijiti.

"Hii, Baba?"

Mzee alikitazama kibao, kisha akamtazama aliyeshika kijiti.

"Geuza kwanza," akasema.

Benta akakitoa msumarini, akakipindua, akakitundika. Mzee akaanza kusoma. Sasa alisoma polepole, akikosea hapa na kujisahihisha pale, na kwenye mstari wa nne akaishia.

"Andika, Benta," Wakhisi akasema.

Benta aliinamia kadi, lakini machozi yalikuwa yamemjaa na hakuona pa kuandikia.

"Andika tu, nyara," baba yake akamwambia. "Leo nimekuona ukigeuza."