Waya Mpya kwenye Lori la Mkaa

Masika yote Theonest aliteremka kutoka Pugu na mkaa, na kila jioni taa za lori lake zilizidi kufifia. Lori lilikuwa la jeshi, alilinunua vita vilipokwisha, na waya zake zilikuwa zilezile za zamani, zimevikwa kitambaa kilichooza. Fundi Marijani wa Temeke alikwishamwambia: umeme wote wa taa unapita kwenye swichi chakavu na kupotea njiani. Atandike waya mpya mnene kutoka kwenye betri, ataona njia.

"Nitafikiri," Theonest alikuwa akijibu, kisha anawasha gari na kuondoka.

Mkewe Auleria, aliyefuatana naye kuuza mkaa, alidhani ni ubahili tu. Hakujua kwamba kule Burma, alipokuwa dereva wa Keya, jeshi la Mwingereza, Theonest alimwona rafiki yake Audax akiungua ndani ya gari. Waya uliotandikwa asubuhi ileile ulichunika, ukagusa chuma, moto ukashika. Mlango ulikataa kufunguka. Tangu hapo hakumruhusu mtu aguse waya za gari lake. Giza alilizoea. Moto hakuweza hata kuutaja.

Jioni moja ya mwaka 1953 waliteremka mvua ikinyesha, magunia yamejaa nyuma. Walipokaribia Gongo la Mboto taa zikawa nyekundu, kama kaa linalozimika.

"Baba Leodegar, simama," Auleria alisema. "Mimi sioni kitu."

"Njia naijua."

Hata hajafunga mdomo, kitu cheupe kikatokea mbele yao. Theonest akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori likateleza kwenye tope, likaenda upande, likasimama. Injini ikazimika. Ikabaki mvua inayopiga bati. Kisha wakaona kiganja cha mtu juu ya boneti, kimetulia palepale, hakiondoki.

Theonest alibaki ameushika usukani. Auleria ndiye aliyeshuka. Alikuta wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake mwanamke aliyefunikwa shuka jeupe. Tendegu la mbele lilikuwa limegusana na bampa.

"Amekufa?" Auleria aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hajafa," akajibu yule mwenye kiganja. "Dada yangu huyu, Mauwa. Uchungu umemshika tangu jana, tunampeleka hospitali. Kwani dereva hakutuona?"

Theonest alilisikia swali lile. Akajikokota chini.

"Mpandisheni," alisema.

Walishusha magunia wakayaacha kando ya njia, wakampandisha Mauwa na kitanda chake. Auleria akakaa naye nyuma. Kaka yake Mauwa akapanda juu ya madigadi ya mbele, kandili mkononi, na Theonest akaendesha polepole akiufuata ule mwanga mdogo. Kila Mauwa alipolia, alitamani kukanyaga mafuta. Kila alipotaka kukanyaga, alikiona kile kiganja.

Mauwa alifika, akapona. Mtoto hakupona. Muuguzi alisema alikwishafia tumboni kabla hawajatoka nyumbani. Theonest aliyasikia maneno hayo, lakini hakujua kama ayaamini.

Asubuhi alimsimulia Auleria habari za Audax, yote, mpaka mlango.

"Twende wote kwa Marijani," Auleria alisema. "Ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Marijani hakucheka. "Waya ule wa rafiki yako haukuwa na fyuzi," alisema. "Huu nitaufungia fyuzi hapa, karibu na betri. Ukichunika ukagusa chuma, fyuzi inakatika kabla waya haujashika moto."

Alipomaliza kutandika, akawasha taa, kisha akagusisha waya kwenye chuma makusudi. Ikaruka cheche moja. Theonest alikwishafika barabarani. Alipogeuka, taa zimezimika, hakuna moshi.

"Fanya tena," alisema kutoka kulekule.

Marijani akatia fyuzi nyingine, akagusisha.

"Tena."

"Bwana Theonest, fyuzi zitaniisha."

Jioni ile waliteremka Pugu mvua ikiwa bado inanyesha. Taa ziliifungua njia mpaka mbali. Mtu aliyekuwa akitembea na baiskeli walimwona kabla hawajamkaribia, akasogea pembeni. Auleria akashusha pumzi. Lakini Theonest aliendesha kwa mkono mmoja, akinusa kila mara. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mlango, ameusukuma kidogo uwe wazi.

"Baba Leodegar, funga mlango. Unalowa."

"Bado," alisema, macho yake njiani. "Ngoja kwanza tufike."