Njia ya Kutokea Passau

Msafara wa baiskeli wa kwenda Vienna ungeondoka Passau asubuhi, na Mzee Hinnerk alikuwa na alasiri moja tu ya kuukariri mji kabla macho yake hayajamuumbua.

Macho yenyewe yalikwisha kustaafu bila kuaga. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la kijivu, na daktari alimwambia kwamba mpaka Krismasi doa litakuwa limekula karibu kila kitu. Hinnerk hakumwambia mtu. Kiongozi wa msafara, Bi Ortrun, alikuwa na sheria fupi: asiyeweza kuendesha anapanda gari la mizigo, pamoja na masanduku. Na Hinnerk alikuwa ameufuata mto Danube kwa baiskeli tangu kwenye chemchemi yake, kila kiangazi kipande. Kilibaki hiki cha Vienna. Hakukusudia kukimaliza akiwa mzigo.

Basi akamchukua mjukuu wake Wiebke, msichana mwenye ulimi unaoweza kunyoa ndevu, wakatoka kutembea mvuani.

Alikwenda taratibu, kama askofu anayekagua parokia. Ukitoka hotelini, harufu ya mikate: pinda kushoto. Mawe yakianza kugonga soli: shika breki, ni mteremko. Halafu gati, maji yakivuma kushoto, moja kwa moja mpaka darajani.

Mbele ya kanisa kuu akavua kofia. "Habari za mchana, mheshimiwa."

"Babu," Wiebke akasema, "hiyo ni sanamu."

"Najua. Kwani sanamu haistahili salamu?"

"Inastahili. Ila njiwa wameinyea mpaka masikioni, sidhani kama imekusikia."

Wiebke akamvuta kando ya dimbwi.

"Tangu lini, babu?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Leo asubuhi umepaka siagi leso."

Hinnerk akaivaa kofia yake, iliyokwisha kulowa. "Tangu majira ya baridi. Ukimwambia yule mama wa msafara, mimi si babu yako tena."

"Nitalia sana," Wiebke akasema, lakini sauti yake haikucheka. Akamshika mkono wa koti, wakarudi hotelini, wakaianza njia upya. Wakarudia tena na tena, mpaka Hinnerk akawa anapinda kabla hajavutwa.

Mvua haikukatika usiku kucha.

Asubuhi kundi zima lilikusanyika na helmeti zake, kama jeshi lililokwisha kushindwa. Bi Ortrun akakohoa. "Mto umepanda. Gati lote liko chini ya maji. Tutapitia juu, kwenye barabara ya magari."

Hinnerk akabaki ameshika usukani. Huko juu alisikia malori yakipita, moja likifukuza jingine.

"Kaa nyuma yangu," Wiebke akamnong'oneza. "Nitapiga kengele kila kona."

Hinnerk akamtazama. Pembeni aliliona koti lake la njano. Mahali pa uso palikuwa na doa. Akajiona akimgonga kwa nyuma, akimsukumia chini ya lori. Akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Goti," akasema.

"Goti gani?" Bi Ortrun akauliza.

"La kushoto," Hinnerk akajibu, huku akilisugua la kulia.

Bi Ortrun akamgeukia Wiebke. Wiebke alikuwa akichunguza tairi lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Wakamkalisha kati ya masanduku mawili, moja likinuka soseji. Kengele ya Wiebke ikalia mbele, kisha mbali, kisha haikusikika. Gari likaanza kupanda, na juu yake baiskeli yake ikigongagonga vyuma.

Hinnerk akafumba macho. "Mikate," akasema polepole. "Kushoto. Sasa mawe. Breki."

"Unasemaje, mzee?" dereva akauliza.

"Wewe endesha tu. Mimi napita chini."