Kipochi cha Satini Nyeusi

Kwenye karakana ile kulikuwa na ndugu wawili wa kike wasiopikika chungu kimoja. Hawakusemeshana ila kwa kazi, na hata hapo walitumiana maneno kupitia mkata ngozi, mzee mpole aliyechoka kugeuzwa tarishi. Mkubwa aliitwa Fundi. Mdogo, mwenye duka la mbele na kioo chake kirefu, wafanyakazi walimwita Madamu, na kila Fundi alipolisikia jina hilo alijiona kama amelamba shubiri.

Kilichowatenga ni lebo. Marehemu mama yao, aliyewaanzishia kazi ya kushona vipochi vya jioni, alikuwa akidarizi ua dogo jekundu ndani ya bitana ya kila kipochi, mahali ambapo mwenye nacho peke yake angeliona. Udongo wa kaburi haujakauka, Madamu akaliondoa ua, akaweka lebo ya dhahabu yenye jina lake. Fundi hakumsamehe, wala hakujisumbua kujaribu.

Vipochi vyenyewe, ukitaka ukweli, havibebi kitu. Ufunguo, leso, rangi ya mdomo, basi. Simu ikizidi kidogo haiingii. Lakini mwanamke akikishika kimoja mabega yananyooka yenyewe, na fremu ikijifunga kwa ule mlio wake mdogo, mkavu, watu wanageuka kutazama. Mama hakuruhusu kipochi kitoke kabla hajausikia mlio huo akiwa amefumba macho. Mkono wa mama aliurithi Fundi. Madamu alirithi mdomo, na tumpe haki yake, alijua kuuza.

Ndipo akaja mwenye hoteli, mwanamke mmoja mwenye pesa na ulimi, ambaye akisifu kitu mji mzima unakitaka. Kabatini akakiona kipochi alichokiacha marehemu mama yao alipougua: satini nyeusi, shanga za kijivu zimeshuka safu kwa safu mpaka katikati, uzi umeishia hapo na sindano bado inaning'inia. Akasema atakishika kwenye hafla yake. Madamu akakubali papo hapo, hakumuuliza mtu. Mkata ngozi alipoleta habari, Fundi alimtuma akaseme kwamba kile hakiuzwi. Jibu alilileta Madamu mwenyewe.

"Utakimalizia wewe, au nimpe mwingine?"

"Ndani utaweka nini?"

"Bitana ni kazi yangu, dada. Wewe shona shanga."

Fundi akamwangalia mdogo wake, akamwona hana haya hana vibaya. Lakini kumwachia mtu mwingine kazi ya mama hakuweza. Akakaa nacho dirishani. Alichambua shanga kwenye kopo moja moja mpaka akapata rangi ile ile, unene ule ule. Hakutaka paonekane mahali mkono wa mama ulipoishia na wake ulipoanzia, kwa hiyo hakuanza uzi mpya. Aliufuata ule ule wa mama, ambao marehemu hakuwahi kuufunga, akauunganisha na wake, akaendelea chini. Siku hizo alikuwa mpole hadi mkata ngozi akamuuliza kama anaumwa.

Alipoitia shanga ya mwisho akaikumbuka lebo ya dhahabu. Kazi kama ile hushikwa na fundo la mwisho lililopakwa nta. Fundi hakulifunga. Aliuchomeka uzi chini ya satini, akaulaza kwa ukucha, nadhifu kabisa. Zimwagike mbele za watu, alisema moyoni. Wafungue ndani wasome jina la nani limo. Siku hiyo alikula akamaliza sahani, roho imemtulia kwatu.

Asubuhi baada ya hafla, mwenye hoteli aliingia dukani bila salamu. Fundi aliisikia sauti yake, akaja kusimama mlangoni pa karakana, tayari kufurahi. Shanga zilianza kudondokea kwenye supu ya mgeni rasmi, mwenye hoteli alieleza. Nusu ya ukumbi walipiga magoti kuziokota, nusu walikuwa wanacheka. Akakitupa kipochi mezani pamoja na bahasha iliyojaa shanga.

"Nikafungua ndani nijue huu uchafu ni wa nani," alisema. "Nikaona ua jekundu. Nimeshawaambia wenzangu wote, wakiliona hilo ua wasiguse."

Akaondoka.

Fundi akakichukua kipochi. Satini ilikuwa tupu, kuanzia chini mpaka kwenye fremu. Hazikutoka shanga zake tu. Uzi ulikuwa mmoja, na ulipochomoka ulikwenda na za mama safu baada ya safu. Yeye aliyejua mshono ule kuliko mtu yeyote aliye hai, hasira zilimziba macho asilione hilo. Ndani ya bitana kulikuwa na ua jekundu, limedariziwa ovyo, na mkono usiozoea sindano.

Madamu alikuwa ameshaushika uzi na kuufuata mpaka mwisho. Naye alikuwa mtoto wa marehemu mama yao.

"Hukufunga fundo," alisema.

Fundi alipitisha kidole juu ya ua.

"Na usidhani niliweka ua kwa kukupenda. Nilichoka kununiwa. Nikasema acha nimpe ua lake, labda atanyamaza."

"Ungeniambia."

"Kupitia kwa mkata ngozi?"

Madamu akachukua mkasi, akalikata ua kutoka kwenye bitana, akaliweka mbele ya dada yake. Alisema kuanzia leo ni lebo ya dhahabu tu na asisikie neno, kisha akarudi mbele kwenye kioo chake.

Fundi aliimwaga ile bahasha kwenye meza ya dirishani. Angalau azitenge, za mama aziweke kando. Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaokota nyingine. Alikuwa amezichagua vizuri mno. Hakuweza kujua ipi ya mama na ipi yake.