Tende ya Mjukuu

Mume wangu Ilyasi anaogopa kuchomwa sindano, ila hakubali. Ni fundi cherehani hapa Gitega, kutwa sindano mkononi, basi anajitia haogopi. Mwongo! Jirani yetu Cyriaque, muuguzi kwenye zahanati ya shirika la Wazungu, alimwambia wazi: "Mzee Ilyasi, umetushonea mapazia, wewe ni mtu wa kwetu. Njoo uchanjwe homa ya mafua pamoja na wafanyakazi. Tunachanja kila mwaka."

"Mimi buheri wa afya. Nichanjwe nini?"

"Si kwa ajili yako tu, mzee. Uwera anakaribia kujifungua. Mtoto mchanga hawezi kupigana na homa hiyo."

Ilyasi akacheka mbele ya wateja. Eti mafua yana chanjo! Dawa yake si tangawizi? Ndiyo mambo yake hayo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Uwera, binti yetu wa pekee, akajifungua mvulana. Kwetu Waislamu, mtoto akizaliwa, mtu anayeheshimiwa hutafuna tende, akampaka kidogo mdomoni na kumwombea dua. Mkwe wetu akamwomba Ilyasi. Asubuhi ya shughuli mume wangu aliamka macho mekundu, mwili unachemka.

"Baba Uwera, mwachie imamu," nikamwambia.

"Nyamaza, mwanamke! Watu wamekwisha kaa. Niseme nini, nimeshindwa na mafua?"

Akameza vidonge, akajifuta jasho, tukaenda. Akaitafuna tende, akampaka mtoto kwa kidole, mtoto akafyonza. Watu wakaitikia amina, nami pia.

Baada ya siku chache mtoto akaacha kunyonya. Pumzi zikawa fupi, midomo ikabadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali, Cyriaque mbele akitafuta daktari, Uwera nyuma analia. Daktari akauliza nani nyumbani ana homa. Tukatazamana. Ilyasi akakohoa. Ya Rabi, aibu gani ile! Ningepata shimo ningejitia.

Cyriaque hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema! Alisema tu kwamba hata chanjo haimkingi kila mtu. Sawa, labda isingemkinga. Lakini kusema "leo naumwa, mwachieni mwingine" kulihitaji sindano gani?

Alhamdulillahi, mtoto amepona. Jana walirudi nyumbani. Ilyasi naye alikuwa amepona, akaoga, akavaa kanzu safi, tukaenda kumwona. Uwera alipomwona baba yake anavua viatu, akamfunika mtoto uso kwa khanga. Binti yetu hajawahi kumkosea baba yake adabu.

Ilyasi akabaki kizingitini, viatu mkononi.

"Hapa panatosha," akasema. "Namwona vizuri."

Hakuwa anamwona hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kaa ndani, mkekani kuna nafasi tele, na sikumwambia karibu.